Bahati ya Punda wa Njano

Jumatatu, 16 Juni

Sahra wa mwisho tena. Mbio saba, mara saba. Mimi wa tatu, au wa pili Kelvin akiteleza. Bashir wa kwanza kama kawaida, miguu juu ya kiti cha mbele, hata jasho hana.

Nimechoka. Upepo wa leo umeleta vumbi hadi ndani ya kibodi. Ukibonyeza herufi unasikia mchanga.

Mchezo wetu unaenda vizuri, ukimwuliza Bashir. Mikokoteni minne ya punda iliyobeba mapipa ya maji, kila mmoja na robo yake ya skrini, kutoka Garissa hadi njia panda ya Modogashe na kurudi. Bashir ameandika mwendo. Kelvin amechora punda, mmoja mwekundu, mmoja wa kijani, mmoja mweupe, na wa njano ambaye ni wa Sahra. Sauti za punda amezirekodi Sahra mwenyewe kwa mdomo wake, na hakuna anayeamini akiambiwa. Mimi kazi yangu ni jedwali la bahati.

Barabarani kuna visanduku. Punda akigonga kimoja anapata kitu. Gunia la makaa la kumwangusha aliye nyuma. Kizuizi cha polisi cha kumsimamisha aliye mbele. Au kimbunga cha vumbi, ambacho kinakubeba na kukutua mbele ya watu wawili. Kompyuta inachagua yenyewe, lakini inachagua kwa namba zangu: aliye wa kwanza apate nini mara ngapi katika kumi, aliye wa mwisho apate nini. Hakuna anayezitazama hizo namba ila mimi. Ni kazi nzuri kwa mtu asiyependa kuongea.

Tukirudi nyumbani Sahra alisema, "Jumatano sijui kama nitakuja."

Wasichana katika chama chetu cha kompyuta ni wawili tu, yeye na mimi. Hooyo, mama yangu, alikubali nibaki shuleni na wavulana hadi saa kumi na moja kwa sharti moja. Sahra akiwepo, nipo. Sahra akitoka, niko nyumbani. Sahra ni binti wa habaryar, mdogo wake hooyo, na kati ya nyumba yao na yetu kuna ua wa miti mikavu tu. Hooyo hatahitaji kuuliza mtu.

Kile chumba cha kompyuta ndicho mahali pekee ambapo watu wananiuliza jambo na kungoja jibu langu. Sitaki kukipoteza.

Jumatano, 18 Juni

Alikuja. Nilimngoja mlangoni mwa darasa lake kama mlinzi.

Nilikuwa nimebadilisha jedwali jana. Wa mwisho sasa anapata kimbunga mara sita katika kumi. Awali ilikuwa mara mbili. Wa kwanza anapata gunia la makaa na basi.

Sahra wa tatu mara mbili. Bashir alishindwa mbio moja mita chache kabla ya mwisho, kwa sababu Kelvin alimwekea kizuizi kisha akapita na kimbunga. Akaiweka padi yake ya kuchezea mezani.

"Wallahi hii ni uonevu. Mimi naendesha, nyinyi mnaokota."

"Na wewe si uokote," Kelvin akasema.

"Nimeokota! Gunia la makaa. Round tatu, magunia matano. Mimi ni dereva ama ni muuza makaa?"

Tulicheka hadi Mwalimu Mutua, mlezi wa chama, akachungulia. Halafu Kelvin, ambaye ni mtoto wa muuguzi kutoka Kisii na yuko hapa mwaka wa pili, akauliza kwa nini kizuizi kinamsimamisha aliye mbele tu. Kwa nini kisimsimamishe yeyote. Hiyo ingekuwa bahati kamili.

Bashir akamwambia, "Kelvin, wewe ukienda Nairobi unalala kwa basi mpaka ufike. Sisi Wasomali tunashuka na kitambulisho mkononi."

Kelvin akasema sawa, kizuizi kibaki hivyo, lakini na yeye anataka punda wake ashuke. Tukacheka tena. Sikujua niandike nini kwenye jedwali. Nimeacha.

Sahra hakusema kama atakuja Jumatatu. Hakusema hatakuja.

Alhamisi, 19 Juni

Umeme umekatika tangu asubuhi. Jaribio la Kemia. Maji hayakutoka, nimechota kwa jirani mara nne. Miguu inauma. Nimesoma kurasa mbili tu za kitabu cha maktaba na sikumbuki hata moja.

Jumatatu, 23 Juni

Sijui nicheke au nilie.

Bashir amegundua kwamba kuwa wa mwisho kuna faida. Kimbunga mara sita katika kumi, kwa nini mtu ajisumbue kuongoza? Amemwambia Kelvin. Mimi nilikuwa nimeona tangu Jumatano, nikanyamaza nikidhani hawataona.

Basi leo kengele ya mchezo imelia, na punda hawakuondoka. Mwekundu amesimama. Wa kijani amesimama. Wangu mweupe nimemsimamisha pia, sina la kufanya. Kila mmoja anangoja mwenzake atangulie. Dakika nzima. Kelvin alirudi nyuma ya mstari wa kuanzia ili awe wa mwisho zaidi. Bashir naye akarudi. Wakaanza kushindana kurudi nyuma, wakiangalia skrini kwa makini kama watu wanaofanya mtihani.

Mwalimu Mutua aliingia.

"Umekwama?"

"Hapana, mwalimu," Bashir akajibu. "Tunashindana."

Mmoja tu ndiye aliyeondoka. Sahra. Kengele ililia, akaondoka, kama mtu yeyote mwenye akili. Aliongoza hadi Modogashe na kurudi nusu njia, peke yake, akipata magunia ya makaa yasiyo na mtu wa kumwangukia. Halafu wote watatu tulifika kwa vimbunga na kumpita. Nami pia. Nilibonyeza tu, sikuwaza.

Wa mwisho.

Alisema, "Nilidhani ni mbio."

Jumatano, 25 Juni

Kimbunga nimekishusha hadi mara tatu. Jana saa ya mapumziko nilicheza peke yangu mbio sita, punda mmoja mimi na watatu wa kompyuta, nikiandika matokeo kwenye daftari la Hisabati upande wa nyuma.

Nilichojifunza ni hiki. Bahati ikiwa kidogo, Bashir anashinda kila siku, na wengine tunakuwa watazamaji wake. Ikiwa nyingi, hakuna anayeendesha, kila mtu anasubiri kupewa. Kuna mahali katikati. Kwa Bashir na Kelvin na mimi, ni mara tatu. Kwa Sahra hakuna katikati. Vidole vyake vinachelewa, anageuza kona akiwa ameshaingia porini. Namba inayomfaa yeye inatuharibia wengine wote.

Leo wa mwisho mara nne.

Njiani alisema mama yake anahitaji mtu wa kuosha madumu ya maziwa jioni. Habaryar anauza maziwa ya ngamia sokoni, na madumu huoshwa kila siku, hilo ni kweli. Lakini yamekuwa yakioshwa siku zote na Sahra alikuwa chamani.

Hooyo alisikia kabla hata sijavua viatu. Alikuwa anapepeta mchele.

"Basi wiki ijayo mkae nyumbani wote wawili. Mitihani iko karibu."

Nikamwambia siku ya wazazi ni tarehe tano Julai. Mwalimu ameshawaambia walimu wote kwamba tutaonyesha mchezo. Watu wanne, punda wanne. Nilisema maneno mengi kuliko niliyomwambia mwezi mzima. Alinitazama.

"Zungumza na Sahra. Mimi si wa kumlazimisha binti wa mtu."

Nilivuka ua. Nilimwomba Sahra avumilie hadi tarehe tano. Alikubali kwa sababu niliomba, si kwa sababu alitaka. Niliona.

Alhamisi, 26 Juni

Nimefanya.

Ni mstari mmoja tu, chini kabisa ya jedwali, mahali ambapo hata Bashir hafiki. Punda wa njano, akiwa popote, akigonga kisanduku apate kimbunga au kizuizi. Mara tisa katika kumi.

Nimejiambia si uongo. Ni namba, na namba zote nimezitunga mimi, hii nayo ni yangu. Nimejiambia mtu mrefu na mtu mfupi hawapewi ngazi sawa. Nimejiambia mengi.

Kwanza nilihisi nafuu. Jioni nikaosha vyombo vyote kabla hooyo hajaniambia.

Jumatatu, 30 Juni

Sahra wa pili. Wa tatu. Wa pili. Halafu wa kwanza.

Alipiga kelele hadi mtungi wa maji ukaanguka. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Sijawahi kumwona hivyo, hata alipofaulu mtihani wa darasa la nane.

Njia nzima alinieleza. Kwamba amegundua siri ya kona ya darajani, unapita kushoto huku umeachia mwendo kidogo, huishikilii padi kama unataka kuivunja. Kwamba siku zote alikuwa na haraka. Kwamba sasa anamwona Bashir anavyofanya. Alionyesha kwa mikono barabarani, wanaume waliokuwa dukani wakatutazama, wala hakujali.

Na ni kweli, darajani hakuingia porini hata mara moja. Niliona kwa macho yangu. Sasa sijui. Ni kiasi gani ni yeye, na kiasi gani ni mstari wangu? Hakuna wa kuniambia. Kompyuta yenyewe haijui.

Nilidhani nitafurahi. Nimechoka tu. Ni uchovu wa kubeba kitu ambacho huwezi kukitua mbele ya watu.

Jumatano, 2 Julai

Leo Bashir alicheza huku daftari liko wazi kwenye paja, na baada ya kila kisanduku alipiga mstari mdogo kwa kalamu. Alishindwa mbio mbili kwa sababu ya huo mstari wa kalamu.

Kelvin alimwuliza anaandika nini.

"Nahesabu magunia yangu ya makaa."

Wakati wa kufunga chumba Bashir alinitazama. Nilitazama ufunguo.

Ningeweza kuufuta mstari ule pale pale. Dakika moja tu. Lakini Sahra alikuwa ameshamwambia mama yake, na mama yake amemwambia hooyo, na wote wawili wanakuja Jumamosi kumwona.

Sikuufuta.

Jumamosi, 5 Julai

Niandike haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Chumba kilijaa. Mwalimu Mutua alileta projekta, punda wakawa wakubwa ukutani. Hooyo na habaryar walikaa mstari wa pili, habaryar amejifunga shash, kile kitambaa chake cha kichwa cha harusi. Mwalimu alieleza kwa Kiswahili, Bashir akaeleza tena kwa Kisomali, na punda wa kwanza alipolia wazazi wote walicheka. Habaryar akasema kwa sauti kwamba huyo si punda, huyo ni mtoto wake.

Sahra alishinda. Si kidogo. Alipita darajani kushoto, taratibu, vizuri. Halafu kisanduku, kimbunga. Kisanduku, kizuizi, Bashir amesimama. Kisanduku, kimbunga. Hooyo alipiga vigelegele. Hooyo yangu, ambaye hata harusini hukaa karibu na mlango.

Wazazi walikwenda kunywa chai na sambusa. Tulibaki wanne. Sahra alikuwa bado ameshika padi.

Bashir akasema, bila hasira, "Ifrah, fungua jedwali."

"La nini?"

"Fungua tu. Njano amegonga visanduku arobaini na viwili tangu Jumatano. Makaa amepata mara nne. Mimi nimehesabu."

Kelvin akamwambia aache, watu wanafurahi, siku ya wazazi. Bashir akasema kama ni uongo nifungue, aombe msamaha.

Nilifungua. Sijui kusema uongo nikitazamwa. Nilishuka hadi chini kabisa, na mstari ukawa ukutani, mkubwa, kwa sababu projekta ilikuwa bado inawaka. Njano. Kimbunga au kizuizi. Tisa.

Sahra husoma polepole. Alisoma polepole.

"Na ile ya darajani?" aliniuliza.

"Sijui," nikasema. Ilikuwa kweli. Lilikuwa jibu baya kuliko yote niliyoweza kutoa.

Aliiweka padi juu ya meza, akaunyoosha waya wake, akatoka. Nje nilimsikia habaryar akimwita kwa furaha, akimtambulisha kwa mtu.

Jumapili, 6 Julai

Sahra hakuja kuchota maji. Nimeona dumu lake limeegeshwa uani.

Ninajichukia. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo.

Jumatatu, 7 Julai

Sikwenda chamani. Hooyo hakuhitaji kusema. Aliona Sahra amerudi saa tisa na madaftari yake, akanyoosha kidole kuelekea kwenye mchele.

Asubuhi Bashir alikuja kwenye dawati langu. Alisimama kama mtu aliyetumwa.

"Mimi nilitaka tu mchezo uwe sawa. Sikutaka yeye atoke."

"Najua."

"Kelvin anasema mimi ni mjinga."

Akaendelea kusimama. Halafu akasema wamejaribu kucheza wawili, yeye na Kelvin, na haina utamu, na akaenda zake.

Alhamisi, 10 Julai

Leo kitu kimetokea. Nitakiandika chote, hata kama mkono umechoka.

Wamama watano wa mtaa wetu walinunua mbuzi wawili kwa pamoja, kama wanavyofanya siku ambazo nyama sokoni si nzuri. Habaryar ndiye hugawa. Anatandika gunia safi, anatengeneza mafungu matano. Nimeona jambo hili tangu nikiwa mdogo na sijawahi kulitazama.

Anachukua muda mrefu ajabu. Anaweka paja hapa, mbavu pale. Anatazama. Anatoa kipande cha ini, anakihamisha. Anatoa mfupa, anaurudisha, anaongeza mafuta mahali pengine. Wenzake wanapiga soga, hawamharakishi. Hakuna fungu linalofanana na jingine. Moja lina mbavu nyingi, jingine lina figo, jingine mfupa mkubwa wa supu. Lakini ukiulizwa uchague unashindwa. Hata yeye mwenyewe hajui lipi litakuwa lake.

Kisha kila mmoja alitoa kitu chake kidogo. Hooyo pete, mwingine kifungo, mwingine kokwa ya tende, kijiti, kizibo cha soda. Wakaniita mimi kwa sababu nilikuwa jikoni na sikuona kipi ni cha nani. Nikaweka kila kitu juu ya fungu moja, popote mkono ulipokwenda. Hakuna aliyelalamika. Nilielewa kwa nini. Kazi yote ilikuwa imekwisha kabla bahati haijaitwa. Mimi kwenye jedwali langu nilianza na bahati.

Fowzia, jirani wa upande wa barabara, aliona kifungo chake akainama kubeba nyama yake. Nilikuwa bado nimeshika kokwa ya tende. Habaryar akampiga mkononi, kidogo tu.

"Abaayo, dada yangu, una treni unaiwahi? Bado mtu mmoja."

"Ninaona langu liko wapi!"

"Na yeye hajaona lake. Kaa."

Fowzia akakaa huku anacheka. Niliiweka kokwa. Ndipo wote wakainuka.

Sahra alikuwa ameshika sinia pembeni yangu. Siku tano hajaniambia neno. Akasema, akiangalia nyama, "Kwenye gemu yenu hata hiyo hamna."

"Hiyo nini?"

"Kungoja. Wa tatu akifika, skrini inazima. Mnapiga kelele, mnaanza nyingine. Mimi huwa niko njiani bado. Mara nyingine nimeona hata mwisho wa barabara, pale mbele. Halafu giza."

Nilisimama na mikono yenye mafuta. Ni kweli. Bashir aliandika hivyo tangu mwanzo, mbio zikatike watatu wakishapata nafasi zao, ili tusipoteze muda. Mimi nimekaa karibu naye wiki zote hizo. Nilikuwa naangalia robo yangu ya skrini.

"Sikujua."

"Hukuuliza. Ulikwenda kuhesabu." Alibadilisha sinia mkono. "Mimi kuwa wa mwisho hakunisumbui, Ifrah. Lazima mtu awe wa mwisho. Lakini mara zote nilizowahi kufika, ni wewe ulinifikisha."

Akaenda na sinia ya mama yake. Nilibaki pale hadi hooyo akaniita kwamba nzi wanakula nyama.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya swala nimemwambia hooyo yote. Mstari, punda, tisa katika kumi. Ilibidi nimweleze mara mbili kwa sababu Kisomali changu hakina maneno ya kompyuta.

Hakukasirika kwa jambo nililodhani.

"Mimi nilipiga vigelegele," alisema. "Mbele ya watu. Ulinikalisha pale nikampigia binti wa dada yangu vigelegele vya uongo."

Nilisema samahani. Alisema hiyo nimpelekee Sahra mwenyewe.

Nimevuka ua. Sahra alikuwa anaosha madumu. Nilikaa chini nikaosha pamoja naye, kwa maji ya moto na brashi, tukayafukiza moshi, hadi yakaisha yote. Nilisema nilichokwenda kusema. Alinipa mfuniko niukaushe.

Mikono inanuka moshi. Nimechoka kuliko siku zote, lakini si uchovu ule.

Jumatatu, 14 Julai

Saa tisa kengele ilipolia nilifunga mkoba wangu kwenda nyumbani. Sahra alikuwa mlangoni mwa darasa letu, na kitabu cha Jiografia kifuani.

"Twende."

"Wapi?"

"Huko kwenye kompyuta zenu. Sichezi. Nitasoma. Mama amemwambia mama yako."

Alikaa kona ya mbali karibu na dirisha, akafungua kitabu, akatupa mgongo.

Nilifuta mstari wa njano mbele ya Bashir na Kelvin. Halafu nilifuta jedwali lote. Tutaanza na mafungu, niliwaambia. Kila kitu kiwe na uzito sawa na kingine, hata kama havifanani, hivi kwamba ukikipata chochote usitamani cha mwenzako. Gunia la makaa litafanya kazi mbele na nyuma. Kimbunga kitakubeba lakini hutaona barabara. Nani kapata nini, hiyo sasa bahati iamue, kwa wote sawasawa. Nilisema sentensi nyingi mfululizo. Kelvin aliandika.

Kisha nikamwomba Bashir aondoe ule mkato wa wa tatu.

"Tumngoje wa mwisho? Tutakaa hapa mpaka magharibi!"

"Tukae."

Alitazama kule dirishani. Akavuta kiti. Ilikuwa kufuta mistari miwili tu.

Jumatano, 16 Julai

Upepo mwingi. Tumefunga madirisha, joto likazidi.

Mafungu bado hayajakaa sawa. Kizuizi kina nguvu mno. Kelvin anasema kipunguzwe, Bashir anasema kibaki, nimewaacha wabishane. Kuna kazi ya wiki nyingi hapo.

Karibu na saa kumi na nusu Sahra aliweka alama kwenye kitabu, akaja, akakaa kwenye kiti cha nne. Tulianza.

Kelvin wa kwanza leo. Bashir wa pili. Mimi wa tatu. Robo tatu za skrini zikasimama, punda watatu kwenye mstari, wakichezesha masikio kama Kelvin alivyowachora. Robo ya nne iliendelea. Sahra alikuwa bado mbali. Aliingia porini, akatoka. Akagonga kisanduku, akapata gunia la makaa, hakuna wa kumwangusha, akalibeba tu. Bashir alifungua mdomo kisha akaufunga. Tulikaa. Nilisikia feni, na kwato za punda mmoja.

Ilichukua muda. Sikutazama saa.

Alifika. Skrini iliandika nne. Sahra aliitazama ile namba kidogo, akaishusha padi, akarudi dirishani kwenye Jiografia yake.

Tulirudi nyumbani pamoja. Kesho kuna jaribio la Fizikia.